Kijiji cha Lugalo: Ardhi Yake na Habari Zake za Kale

Leo hatuzungumzii mbolea wala dawa ya nyanya. Tutazungumzia kijiji chenyewe, namna kilivyokaa na mambo yaliyopita pale. Tumechukua Lugalo, katika Wilaya ya Kilolo, ile wilaya iliyozaliwa mwaka 2002 kwa kuigawa Wilaya ya Iringa.

Ukitoka Morogoro kwa basi unapita Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, mibuyu na vitunguu vya kumwagilia. Halafu gari linaupanda mlima wa Kitonga, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Ukifika juu, hewa imebadilika. Unapita Ilula kwenye nyanya nyingi, kisha Lugalo, ndipo uingie Iringa mjini. Mvua nyingi na baridi kali viko upande wa Milima ya Udzungwa, kule Dabaga na Bomalang'ombe. Lugalo iko katikati: vilima vya mawe, vichaka, makorongo, na msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Ukichelewa kupanda mahindi, basi, umechelewa mpaka mwakani.

Mawe hayo na vichaka hivyo ndivyo vilivyoipa Lugalo jina. Mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuishika pwani, sasa wanaitaka bara. Mkuu wa jeshi lao, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alipanda na askari, wapagazi na punda, akichoma nyumba za watu njiani. Mtwa Mkwawa alikuwa na habari zake. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti jeshi hilo lilifika Lugalo katika mstari mrefu, maana njia ilikuwa nyembamba. Wahehe walikuwa wamelala kimya majanini na nyuma ya mawe. Silaha kubwa za Wajerumani zilikuwa bado zimefungwa juu ya punda! Masimulizi yanasema ofisa mmoja alimpiga ndege risasi, na Wahehe wakaudhani mlio ule ndiyo ishara yao. Kwa dakika chache Zelewski alikuwa amekufa, na pamoja naye watu wapatao 300, wengi wao Waafrika wenzetu waliotumikia jeshi lile. Wahehe nao walipoteza watu wengi.

Wajerumani walirudi. Oktoba 1894 waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa akapigana vita vya porini hadi Julai 1898, akajipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954.

Pale Lugalo Wajerumani walijenga mnara wa kumkumbuka Zelewski na wenzake. Mimi jambo hili hunikera kidogo. Aliyekuja kuvamia alijengewa mnara, lakini Wahehe waliokufa siku ile wanakumbukwa zaidi kwa masimulizi ya wazee, na wazee wanatutoka kila mwaka.

Sasa mtauliza, haya yanamsaidia nini mkulima? Yanamsaidia kwenye ardhi. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa Mkoa wa Iringa walihamia vijiji vya ujamaa, wakaacha mahame yao. Leo huyu anasema, hapa ni kwa babu yangu. Yule anasema, nilipewa na kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na kijiji hupata cheti chake mipaka ikiwa imekubaliwa na majirani. Nani anajua korongo lipi ndilo mpaka, au jiwe lipi? Mara nyingi ni mzee yule yule anayejua habari za vita.

Kwa hiyo tembeeni naye mpakani, pamoja na wazee wa kijiji jirani. Mtendaji achukue daftari, aandike jina la kila kilima, kila korongo na kila hame, na waliokaa pale. Fanyeni Septemba au Oktoba, majani yakiwa yamekauka na mawe yanaonekana, kabla watu hawajaingia shambani.