Amsterdam Hadi Himo: Kilomita na Saa

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unaojulikana zaidi kwa jina la KIA, ulifunguliwa mwaka 1971 na uko kama kilomita 6,900 kutoka Amsterdam. Umbali huo ni wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ramani ya ukutani haifai kuupima, kwa kuwa imeulaza mviringo wa dunia kwenye karatasi bapa. Tufe la darasani linatosha: uzi ukikazwa kati ya vituo hivyo viwili hupita juu ya Italia, Bahari ya Mediterania, Libya, Sudan, Sudan Kusini na Kenya.

Ndege yenyewe haifuati uzi. Tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, mashirika ya ndege yamekuwa yakikwepa anga la nchi hiyo, na la Libya lilikwishaanza kukwepwa kabla ya hapo. Rubani hulazimika kuzunguka, na kila mzunguko hula dakika na mafuta.

Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, safari ingekwisha kwa saa 7 na dakika 40. Ratiba huandika zaidi ya saa 8, maana huhesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama: mna kusubiri zamu ya kuruka, kupanda hadi mita 10,000 na zaidi, kisha kushuka taratibu. Upepo hauisumbui sana njia hii ya kaskazini na kusini. Kati ya London na New York ni tofauti. Huko upepo wa magharibi hurefusha safari ya kwenda Marekani kwa takribani saa nzima kuliko ya kurudi.

Kinachowachanganya wengi ni saa za mkononi. Uholanzi iko nyuma ya Tanzania kwa saa 2 wakati wa baridi, na saa 1 tu wakati wa joto. Anayeondoka Amsterdam saa 4 asubuhi mwezi Julai, akasafiri saa 8 na nusu, hutua KIA saa 1 na nusu usiku. Januari, saa 2 na nusu. Anayekwenda mji wa Himo bado ana kama kilomita 65 za barabara, kupitia Boma Ng'ombe na Moshi.

Kurudi Ulaya kuna hesabu yake. Kwa miaka mingi ndege ya KLM ikishusha abiria KIA imekuwa ikiendelea Dar es Salaam kwanza, kama kilomita 450 kusini-mashariki, ndipo igeuze. Anayekwenda kaskazini huanza kwa kupelekwa kusini! Kwa anayebadili ndege Addis Ababa, jumla ni kama kilomita 7,100, yaani 200 tu zaidi ya njia fupi. Saa zinazoongezeka huko ni za kungojea ndege ya pili.