Kabla ya kuchimba shimo, angalia juu kisha chini

Shuka matatu pale Pipeline, Embakasi, saa saba mchana mwezi wa Februari, halafu utafute kivuli. Utakipata, ila ni kivuli cha ghorofa, na kitahama kabla hujamaliza soda yako. Sasa panda nyingine mpaka Kileleshwa. Huko unatoka stejini hadi getini ukiwa chini ya matawi, na huenda usikumbuke hata kuwa kuna jua. Jiji ni moja, jua ni lile lile.

Mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alitoa kanuni rahisi ya kupima mtaa mwaka wa 2021: 3-30-300. Kutoka dirishani kwako uone angalau miti 3. Matawi yafunike asilimia 30 ya mtaa wako. Na usitembee zaidi ya mita 300 kufika bustani ya umma. Chungulia dirishani sasa hivi uhesabu. Kama umeona nguzo za stima, kamba za nguo na jikoni kwa jirani, makala haya ni yako.

Kupanda miti kumekuwa fasheni, na hilo ni jambo poa. Serikali inalenga miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa sikukuu nzima kwa ajili ya kazi hiyo. Shule, makanisa, misikiti, chama za mtaa, hata timu za mpira, kila mtu ana jembe. Shida ni kwamba picha zikishapostiwa watu wanaenda zao, na hakuna aliyeuliza ule mche unaitwaje. Ulichukuliwa kwa sababu ulikuwa rahisi, ukadungwa nusu mita kutoka kwa ukuta, chini ya nyaya, juu ya bomba.

Ukikauka, hasara ni mche mmoja. Ukistawi ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu utakatwa miaka kumi baadaye, wakati ule ule ulipoanza kutoa kivuli cha maana. Mti wa barabarani hauchaguliwi kwa urefu ulio nao leo kwenye mfuko wa plastiki. Unauchagua kwa umbo utakalokuwa nalo ukifika miaka 20, wewe ukiwa mzazi wa mtu.

Anza na juu. Bila shaka umewahi kuona mti uliopasuliwa katikati ukabaki kama herufi V, nyaya zikipita mle ndani. Hiyo si staili. Ni mti mrefu uliopandwa chini ya laini ya umeme, na kila baada ya muda mafundi lazima waje na misumeno ili matawi yasiguse nyaya. Mti uliokatwa hivyo mwaka baada ya mwaka huoza kwenye makovu, kisha siku ya mvua na upepo huanguka juu ya gari la mtu. Mkaratusi unapita mita 30 bila kutoa jasho. Mukima, ule ambao wengine huuita grevilia, nao ni mrefu na matawi yake huvunjika haraka. Wote wawili walitoka Australia na wote wawili wana kazi zao shambani, lakini kando ya barabara ya mtaa hawana kazi. Chini ya nyaya panda mti mfupi, kama ule wenye maua mekundu mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Kama huna uhakika, vuka barabara upande upande usio na nguzo. Hiyo ni dawa ya bure.

Chini ndiko kwenye mambo mengi zaidi, na ndiko watu hawaangalii kabisa.

Wengi wetu tunafikiri mizizi hushuka moja kwa moja kama karoti. Si hivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa kwenye nusu mita hivi ya juu ya udongo, na husambaa kwenda mbali kuliko matawi. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ukiubana mti kwa kabro na saruji hadi kwenye shina, mizizi itatafuta hewa kwa nguvu, na kabro ndizo zitakazoinuka. Kama kuna bomba la majitaka linalovuja karibu, umeuwekea mti baa. Utafika hapo na hautaondoka. Bomba zima huwa haliguswi sana, lililopasuka ndilo linaloitiwa fundi kila mwezi huku lawama zote zikiangukia mti.

Halafu kuna udongo wenyewe, na hapa Nairobi ni miji miwili. Upande wa magharibi, Lavington, Kileleshwa, Karen, kuna udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi na majirani zake, ni ule udongo mweusi wa pamba. Ukipata mvua unavimba na kunata kwenye viatu kama ugali mbichi. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyufa hizo hukata mizizi midogo. Kwa hivyo mche uliopendeza kwa tajiri Lavington unaweza kufa Embakasi bila mtu yeyote kukosea kuumwagilia. Watu husema Eastlands miti haikubali. Miti gani?

Jibu liko nyuma ya ua wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Angalia kinachomea humo kwenye udongo mweusi bila kumwagiliwa na mtu: migunga. Mmojawapo ni ule wenye gome la manjano ambao pia hujaa kandokando ya Ziwa Naivasha. Unastahimili maji yaliyotuama na ukame unaofuata, unakua haraka, na kivuli chake ni chepesi, hakifanyi giza. Ila una miiba. Usiupande kwenye steji ya bodaboda, labda uwe na undugu na fundi wa pancha. Mpe nafasi yake kwenye kipande kipana kati ya barabara mbili, au kando ya mto, mbali na matairi na viatu vya mpira.

Na kuna miti ambayo tunaipenda hadi tunaidhuru. Mugumo ni mmojawapo. Mwaka wa 2020, barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa ulio kando ya Waiyaki Way pale Westlands ulikuwa kwenye orodha ya kung'olewa. Watu wakapiga kelele, kwa sababu kwa jamii ya Wakikuyu huo si mti tu bali ni mahali pa ibada, na Novemba mwaka huo amri ya Rais ikauokoa. Mimi nilifurahi. Lakini usiende sasa kupanda mugumo nje ya ploti yako kwa heshima ya ule wa Westlands. Mizizi yake hupasua kuta, na mwili wake unataka nafasi ya nyumba nzima. Upelekwe kwenye bustani, uwanja wa shule, mzunguko mkubwa wa barabara.

Najua unangoja mjakaranda. Oktoba ikifika, zambarau inajaa kwenye simu zetu zote, na huwezi kumwambia Mnairobi kitu kuhusu mti huo. Asili yake ni Amerika Kusini. Pretoria, jiji linalojivunia mti huo kuliko sisi, liko katika nchi ambayo sheria yake inauhesabu kuwa mti vamizi. Kwetu umekuwa mpole, na barabara pana za magharibi mwa jiji zinaumudu. Kwa kinjia cha mita mbili cha waenda kwa miguu ni mkubwa mno, na yale maua yakianguka penye mvua huteleza vibaya. Kama unataka kisasi, kumbuka kwamba Nandi flame, kibobakasi chetu chenye maua ya moto, uko kwenye orodha ya spishi 100 vamizi zinazosumbua zaidi duniani. Visiwa vya Pasifiki vinapambana nao usiku na mchana. Hapa ni mwenyeji na hauna ubaya, ila mbao yake ni laini na matawi hayapendi upepo. Usiegeshe gari chini yake Aprili.

Baada ya juu na chini, angalia nani atasimama hapo. Hili silioni likizungumzwa kwenye hafla za kupanda miti, na kwangu ndilo la kwanza. Neno jua kali tulilipata kwa mafundi waliofanya kazi nje, chini ya jua lenyewe. Leo ukihesabu mama mboga, mshona viatu, wauza simu, watu wa mtumba, bodaboda na wale wa M-Pesa wenye mwavuli, utaona kwamba barabara ya mtaani ni ofisi. Vijana wengi wa jiji hili wanashinda humo kutwa. Mti ukiwa mahali sawa ni paa la ofisi hiyo. Ukitaka kujua pa kuupanda, usiangalie ramani. Angalia watu wanasogea wapi jua linapohama saa tisa.

Mti wa hapo unatakiwa kuwa na shina refu kabla ya tawi la kwanza, ili mtu apite bila kuinama na dereva aone anayevuka. Usiwe na miiba wala utomvu unaowasha. Na tunda? Parachichi hukosi kulitamani, lakini likiiva juu ya barabara litaangukia kioo cha matatu, na kabla halijaiva watoto watakuwa wameanza kulirushia mawe. Liweke ndani ya ua wa shule au kanisa.

Ukiniuliza mimi, mti wa mtaa wenye njia nyembamba ni siala. Hilo ni jina la Kijaluo. Wakikuyu huuita muu. Ni mwenyeji, hukua kwenda juu badala ya kutanuka, hutoa maua ya manjano, na hausumbui kuta kama mugumo. Penye nafasi zaidi, mukinduri hukua upesi na kuvumilia ukame, na matawi yake hufunguka kama sahani. Penye nafasi kubwa na udongo mwekundu, tafuta murarachi. Siku ukichanua maua yake ya waridi utasahau mjakaranda kwa wiki mbili. Mombasa ni hadithi nyingine. Chumvi ya bahari na joto vinataka mwarobaini au mkungu, na mwenye nafasi kama ya Mama Ngina apande mbuyu kwa ajili ya wajukuu wa wajukuu.

Chochote utakachochagua, usijaze barabara nzima mti mmoja. Siku hizi kila petroli stesheni na kila geti jipya lina ule mti wa Madagaska wenye matawi ya ngazi ngazi, Terminalia mantaly, na vitalu vya kando ya barabara vinauuza kama mandazi. Ni mzuri. Lakini waulize wazazi wako kilichotokea kwa ua za saipresi. Mwaka wa 1990 mdudu mdogo afananaye na chawa aliingia nchini, akanyonya miti hiyo, na ua zilizokuwa kijani kutoka nyumba hadi nyumba zikageuka rangi ya kutu. Mtafiti wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka huo huo wa 1990 kwamba katika mji, spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote. Kwa barabara yenu ya miti 20, hiyo ni miwili ya kila aina. Hata mkifika minne minne bado mko salama kuliko wengi.

Kazi yenyewe ni fupi. Uliza ofisi ya mazingira ya kaunti kabla ya kuchimba, kwa maana kipande kile kando ya lami ni hifadhi ya barabara, na huenda kuna mpango wa kuipanua. Panda mvua inapoanza, Machi au Oktoba, si inapoisha. Kwenye kitalu, chagua mche wa kimo chako hivi wenye shina moja lililonyooka, na uchungulie chini ya mfuko: mizizi ikiwa imejizungusha kama tambi, urudishe. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya mfuko, lakini kina kisizidi kimo cha udongo uliomo. Toa plastiki yote. Zungushia vijiti, maana mbuzi wa Nairobi hawana ratiba.

Baada ya hapo ni maji kwa misimu miwili ya kiangazi, mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki, badala ya kikombe kila siku, ili mizizi ishuke kuyafuata. Hapa ndipo miche mingi hufia, kwa hivyo mtafute mwenye maji kabla ya kumtafuta mwenye jembe. Mara nyingi ni mama mboga wa pale pale. Kila jioni ana karai la maji aliyooshea sukuma, na huyamwaga kwenye mtaro. Mwulize kwanza. Akikubali, atakuonyesha pia jua hupiga upande gani, na lori la takataka hugeuzia wapi.