Bia isiyoongezwa gesi na treni za dizeli za kizamani: Kwa nini Waingereza hawaziachi?

Ukifika stesheni ya Kidderminster, katikati ya Uingereza, wakati wa tamasha la dizeli, unaweza kudhani kuna kiongozi anasubiriwa. Watu wamejaa kwenye jukwaa, kamera shingoni, daftari mfukoni. Kumbe wanasubiri kichwa cha treni cha miaka ya 1960, kinachotoa moshi na kuunguruma kama lori linalopanda Kitonga.

Na wengi wao wameshika glasi ya bia ya rangi ya kahawia, povu kidogo, wala haijatoka kwenye friji.

Kwa mtu aliyezoea chupa inayotoka jasho la baridi, na treni ya umeme ya SGR inayopita kimya kimya, picha hii inachekesha. Lakini kwa maelfu ya Waingereza hii ndiyo Jumamosi yenyewe. Si starehe ya matajiri. Utakuta mwalimu mstaafu, fundi umeme, dereva wa basi, mtu wa ofisini. Wanapanda treni, wanateremka, wanakunywa glasi moja, wanapanda tena.

Ukizitazama kwa karibu, starehe hizi mbili zina jambo moja linalofanana, na ndilo linalowanyima usingizi wapenzi wake: zote zinakufa zisipotumika. Huwezi kuzifungia kabatini.

Bia inayoendelea kuishi ndani ya pipa

Tuanze na bia. Wenyewe wanaiita real ale, yaani bia halisi. Jina bora kwa Kiswahili pengine lingekuwa bia hai.

Bia nyingi za kisasa huchujwa kiwandani, hamira ikatolewa, mara nyingi zikapitishwa kwenye joto ili zikae muda mrefu, kisha zikasukumiwa gesi. Bia hai haifanyiwi hivyo. Inatoka kiwandani ikiwa bado na hamira, na inaendelea kuchacha taratibu ndani ya pipa lile lile litakalotumika kuuzia. Gesi yake inajitengeneza yenyewe. Baa nayo hairuhusiwi kuongeza nyingine. Mhudumu anaivuta kutoka chumba cha chini kwa pampu ya mkono, anavuta hasa, misuli inaonekana.

Wageni husema Waingereza wanakunywa bia ya moto. Si kweli. Inauzwa ikiwa na nyuzi joto kama 11 hadi 13 hivi. Fikiria maji ya mtungi, si maji ya friji. Ubaridi ukizidi hapo, ladha ya kimea na hopsi inajificha, na hiyo ladha ndiyo watu wanailipia.

Wanywaji wa mnazi kule Pwani wataelewa haraka. Mnazi wa asubuhi si mnazi wa jioni, na wa kesho yake ni habari nyingine kabisa. Bia hai nayo ina saa yake. Pipa la kawaida la baa lina galoni 9, kama lita 41, ambazo ni painti 72. Likishafunguliwa, hewa inaingia kila glasi inapovutwa. Kwa siku tatu hivi ladha iko sawa. Baada ya hapo inapoa, inachoka, mwisho inakuwa siki.

Hapo ndipo pagumu. Mwenye baa anatakiwa kuuza painti 72 ndani ya siku tatu, kwa kila pipa alilofungua. Akiwa na wateja wachache, bia inaharibika. Mteja mgeni akionja siki, hataagiza tena maishani, ataomba lager. Wateja wanapungua zaidi, pipa linakaa zaidi. Ni mduara mbaya, na umeshamaliza pampu za mkono kwenye baa nyingi.

Ndiyo maana wapenzi wa bia hii hawaoni kunywa kwao kama starehe tu. Kila painti inayonunuliwa inaharakisha pipa, na pipa linalokwisha haraka ndilo lenye bia nzuri. (Sababu tamu ya kunywa, nakubali. Lakini hesabu yake ni ya kweli.)

Kazi ya chumba cha chini nayo si mchezo. Pipa linalazwa likatulia. Juu yake kunapigwa kijiti cha mti laini ili gesi ya ziada ipumue, kisha kinabadilishwa kwa kigumu ili iliyobaki isitoroke. Ili hamira itulie chini na bia iwe angavu, wengi hutumia dawa inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki. Wasiokula nyama wakiijua siri hiyo hukunja uso, na baadhi ya viwanda vimeiacha, vinauza bia yenye ukungu kidogo.

Wanaume wanne walioanzisha vita

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bia hii ilikuwa njiani kuzikwa. Viwanda vichache vikubwa vilikuwa vimenunua vingine vingi, pamoja na baa zake, na vikasukuma bia ya kegi: iliyochujwa, yenye gesi ya kuongezwa, inayokaa wiki kadhaa bila kumsumbua mtu. Watney's Red Barrel ndiyo iliyobeba lawama zote.

Mwaka 1971, wanaume wanne waliokuwa mapumzikoni Ireland waliamua kuanzisha chama cha kuitetea bia ya zamani. Waliokuwepo ni Michael Hardman, Graham Lees, Bill Mellor na Jim Makin. Tangu 1973 chama hicho kinaitwa Campaign for Real Ale, kwa kifupi CAMRA. Kimekuwa na wanachama zaidi ya 100,000, na kila mwaka kinatoa kitabu cha mwongozo wa baa zinazotunza bia vizuri.

Ilikuwa kampeni ya wanywaji dhidi ya makampuni makubwa, na kwa sehemu kubwa walishinda. Si jambo la kila siku.

Dizeli: kutoka adui hadi mpenzi

Upande wa reli kisa chake kina kichekesho ndani.

Mwaka 1955 shirika la reli la Uingereza lilitangaza mpango wa kuachana na mvuke. Tarehe 11 Agosti 1968 treni ya mwisho ya mvuke ya reli kuu ya taifa ikafanya safari ya kuaga, watu wakalia. Kwa wapenzi wa mvuke, dizeli ilikuwa muuaji. Ilionekana sanduku la bati lisilo na roho.

Lakini kuna watoto waliozaliwa wakazikuta dizeli. Wao ndizo walizoziona zikipita nyuma ya shule, ndizo zilizowapeleka ufukweni likizo. Walipofika ukubwani, nazo zikaanza kupelekwa kwenye vyuma chakavu, na wao wakalia vile vile kama baba zao.

Malkia wao ni Deltic. Zilijengwa 22 tu, mwaka 1961 na 1962, kwa ajili ya treni za kasi kati ya London na Edinburgh. Kila moja ilibeba injini mbili zilizotokana na injini za boti za kasi za jeshi la majini. Injini yenyewe ni maajabu: silinda 18 zilizopangwa kwa umbo la pembetatu, na kila silinda ina pistoni mbili zinazokutana katikati. Jumla nguvu za farasi 3,300, kasi maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Sauti yake ikiondoka stesheni, unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Safari ya kuziaga ilikuwa tarehe 2 Januari 1982. Sita kati ya hizo 22 zilinusurika, pamoja na ile ya majaribio iliyotangulia.

Nyingine hazikuwa na bahati. Injini namba 10000, dizeli ya kwanza ya reli kuu Uingereza, iliyotoka karakana ya Derby mwaka 1947, ilikatwa vipande 1968. Ndugu wadogo wa Deltic walikuwa kumi, hakuna hata mmoja aliyebaki. Wakati ule nani angehifadhi dizeli? Fedha zote za michango zilikwenda kwenye mvuke.

Kwetu huku Deltic si mgeni kabisa. Kampuni iliyozijenga, English Electric, kwenye kiwanda chake cha Vulcan Foundry, ndiyo iliyojenga pia vichwa vya dizeli vya Reli ya Afrika Mashariki miaka ya 1960. Mzee aliyefanya kazi reli Nairobi enzi hizo angeusikia muungurumo ule akatambua ukoo.

Wapenzi wenyewe wanazitambua injini kwa sikio, kama vijana wa stendi wanavyojua Scania inakuja kabla haijakata kona. Class 37 wanaiita trekta. Class 40 ni mpiga filimbi, kwa mluzi wa tabo yake. Class 50 inaitwa Hoover, yaani mashine ya kufyonza vumbi, na aliyewahi kuisikia ya zamani anajua kwa nini. Kiti cha thamani si cha daraja la kwanza, ni cha behewa la kwanza nyuma ya kichwa, dirisha likiwa wazi. Kila namba ya injini iliyokuvuta unaiandika.

Zilikutanaje hizi mbili?

Jibu rahisi ni kwamba mtu aliyekunywa haendeshi gari. Anapanda treni.

Lakini undugu ni wa zamani zaidi. Nenda stesheni ya St Pancras, London, iliyofunguliwa 1868. Ghorofa yake ya chini ilijengwa kuhifadhi bia iliyoletwa kwa reli kutoka mji wa Burton, na mhandisi William Henry Barlow alipanga umbali wa nguzo zake kwa kufuata kipimo cha mapipa ya bia. Leo abiria wa treni za Paris wanasubiri safari mle mle, kati ya nguzo zile zile. Wengi hawajui wamesimama kwenye stoo ya bia.

Siku hizi stesheni kadhaa zina baa zilizogeuka kuwa mahali pa kuhiji. Stalybridge, mashariki ya Manchester, ina baa ya tangu 1885 kwenye jukwaa lenyewe. Sheffield wamefufua chumba cha zamani cha viburudisho. Kwenye reli za kihistoria, Bridgnorth wana Railwayman's Arms, na Bury wana Trackside, ambapo unaweza kukaa na glasi yako huku dizeli ikinguruma mita chache mbele.

Umaarufu nao una gharama. Safari ya baa za stesheni kati ya Batley na Stalybridge ilipoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2009, ilivamiwa na makundi ya sherehe yaliyokuja kulewa tu. Wenyeji wa vijiji vya njiani walilalamika, na baadhi ya baa zikaweka masharti. Maana pombe ni pombe, hata ikiwa na historia.

Nani atashika spana?

Reli hizi za kihistoria zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, tangu wenzao wa Talyllyn, Wales, walipookoa reli yao mwaka 1951, ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Tatizo ni umri. Waliozijua Class 37 zikiwa kazini sasa wana mvi.

Na dizeli haikubali kukaa. Ikisimama miaka, mipira inakauka, nyaya zinaoza, maji yanapenya. Kipuri cha mvuke fundi mzuri anaweza kukichonga, maana ni chuma. Jenereta ya umeme ya mwaka 1961 ni kazi nyingine, na ndiyo maana kuna injini zinazochinjwa ili nyingine ziishi. Juu ya hayo, reli kuu zinahamia kwenye ishara za kidijitali, na injini ya zamani inayotaka kupita huko italazimika kufungwa vifaa vipya vya gharama kubwa.

Hata hivyo dizeli ina turufu. Makaa ya mawe yaliyotoka Wales yamekuwa shida tangu mgodi wa Ffos-y-Fran ufungwe mwaka 2023. Kiangazi kikikausha majani, cheche za mvuke zinaweza kuwasha moto kando ya reli. Siku hizo injini za mvuke zinapumzishwa, na muuaji wa jana ndiye anayevuta treni ili tiketi zisirudishwe.

Upande wa bia, mwaka 2024 kampuni ya Carlsberg Marston's ilisimamisha mitambo ya Burton Union, mfumo wa kale wa mapipa yaliyounganishwa ambamo bia inachacha na hamira inapanda juu kwa mabomba. Ilionekana basi, inakwenda makumbusho. Seti moja ikahamishiwa Thornbridge, kiwanda kidogo zaidi huko Derbyshire, ikafungwa na kujazwa bia tena.

Ukijikuta huko siku moja, agiza nusu painti kwanza, mililita 284. Ukiomba kuonja kidogo kabla ya kununua, baa nyingi hazina neno. Bia ikiwa na uchachu wa siki, irudishe bila aibu, utabadilishiwa. Na siku ya tamasha la dizeli fika mapema, kwa sababu behewa la kwanza hujaa kabla ya mengine yote.