Mashine Inayosoma Mshipa Kabla Haujapasuka

Je, wajua kilichomuua Albert Einstein? Ni mshipa wa damu uliopasuka tumboni. Mwishoni mwa mwaka 1948 daktari mpasuaji Rudolph Nissen alimfungua tumbo mjini New York, akaukuta mshipa mkuu wa damu, yaani aota, umevimba. Siku hizo hapakuwa na njia ya kuukata na kuweka mwingine. Upasuaji wa namna hiyo ulifanikiwa mwaka 1951 mjini Paris, mikononi mwa Charles Dubost. Nissen akauzungushia mshipa karatasi ya selofani, ili mwili uchokozeke na kujenga kovu gumu la kuubana. Mbinu hiyo ilimpa Einstein miaka zaidi ya sita. Aprili 1955 mshipa ukaanza kuvuja. Madaktari walitaka kumpasua tena, akakataa, na tarehe 18 ya mwezi huo akafariki akiwa na umri wa miaka 76.

Aota hutoka moyoni, hupinda kifuani, hushuka mbele ya uti wa mgongo, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika kuelekea miguu miwili. Tumboni, upana wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 2. Ukifika sentimita 3, madaktari huuhesabu kuwa umevimba. Hutokea yale yanayoupata mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka upande mmoja: palipo dhaifu ndipo panapotuna, na kadiri panavyotuna ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mwembamba. Sigara ndiyo adui wa kwanza. Umri, shinikizo la damu na historia ya ukoo hufuata, na wanaume huugua zaidi kuliko wanawake.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Mtu hulima, hufanya biashara, huswali na kucheza na wajukuu bila kuhisi lolote, mpaka siku mshipa unapopasuka. Wengi wa wanaopasukiwa hufa, na wengine hata hospitali hawafiki. Lakini uvimbe huohuo ukigunduliwa mapema, una tiba. Kwa wanaume, ukifika sentimita 5.5 madaktari hushauri upasuaji wa kupangwa, na walio wengi hupona na kurudi nyumbani. Ndiyo maana Uingereza humwalika kila mwanamume anayetimiza miaka 65 apimwe altrasaundi ya tumbo. Ni kipimo cha dakika chache, hakiumizi, na kwa aliye mzima hutosha mara moja.

Uhai wa mtu, basi, hutegemea kipimo cha upana. Hapo ndipo jicho la binadamu linapopata taabu. Mshipa haushuki wima, hupinda. Ukikatwa kwa mshazari katika picha huonekana mpana kuliko ulivyo. Daktari mmoja hupima kutoka ukuta wa ndani hadi wa ndani, mwingine kutoka nje hadi nje. Mabingwa wawili wanaweza kuitazama picha ileile wakapishana kwa milimita kadhaa, na milimita hizo ndizo zinazotenganisha anayeambiwa arudi baada ya miezi kadhaa na anayepangiwa kitanda cha upasuaji.

Kazi hii ya kupima akili mnemba imeimudu vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox, walitangaza mtandao wa kompyuta walioupa jina U-Net. Sifa yake ilikuwa kujifunza kutokana na picha chache. Katika jaribio lao mojawapo walianza na picha 30 tu za hadubini, wakazipinda na kuzinyoosha kwa kompyuta ili zizae mifano mingi zaidi. Mtandao huo huisinyaza picha hatua kwa hatua ili uelewe kwa jumla kuna nini, kisha huikuza tena ili uonyeshe ni wapi hasa. Mwishowe kila nukta ya picha hupewa jina lake: hapa damu inapita, hapa pameganda, huu ni ukuta, hii ni nyama nyingine.

Programu nyingi za kusoma aota zimejengwa juu ya wazo hilo. Madaktari huanza kwa kuchora mipaka ya mshipa kwa mkono katika picha za CT za wagonjwa wengi. Programu hukisia, hulinganishwa na mchoro wa daktari, husahihishwa, hukisia tena, maelfu kwa maelfu ya mara. Ikishaiva, hupewa picha ya mgonjwa mpya, ambayo kwa kweli ni mamia ya vipande vyembamba vya mwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Huutafuta mshipa katika kila kipande, huviunganisha, huchora mstari wa katikati unaoufuata mshipa katika mapindo yake yote, kisha hupima upana kwa kuukata mstari huo kwa pembe mraba. Kosa la mshazari huondoka. Tena ukiipa picha ileile kesho itakupa jibu lilelile, jambo ambalo sisi wanadamu, tukiwa na usingizi au haraka, hatuwezi kuliahidi.

Watu wakisikia akili mnemba na upasuaji hufikiria roboti lenye kisu. Mimi naona kazi yake kubwa iko mbali na kisu. Fikiria mzee aliyepigwa picha ya CT usiku kwa sababu ya mawe ya figo. Msomaji wa picha anatafuta mawe, na ana foleni ya picha nyingine zinazomsubiri. Aota yenye upana wa sentimita 4 imo humohumo ndani ya picha, lakini hakuna aliyeulizia habari zake. Programu inayopita kimyakimya juu ya kila picha ya tumbo inaweza kuiinua ile moja na kusema: huyu apimwe. Hakuna mionzi ya ziada, hakuna safari ya pili. Picha ilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni jicho la kuisoma yote.

Ndani ya chumba cha upasuaji nako imeingia. Mwaka 1987 Nikolai Volodos wa Kharkiv, Ukraine, na mwaka 1990 Juan Parodi wa Buenos Aires, Argentina, walifungua njia mpya: badala ya kupasua kifua au tumbo, bomba la kitambaa lenye stenti, yaani kiunzi cha waya, hupitishwa kwenye mshipa wa kinena, hupandishwa mpaka penye uvimbe, kisha hukunjuliwa ili damu ipite ndani yake na kuuacha ukuta dhaifu upumzike. Mgonjwa huamka na vidonda vidogo kinenani. Shida ni kwamba daktari haoni mshipa kwa macho yake. Anaona kivuli cha eksirei, na lazima bomba likae chini kidogo tu ya mishipa ya figo. Likipanda mno, figo hukosa damu.

Kampuni ya Cydar ya Cambridge, Uingereza, ilitengeneza programu inayoiweka ramani ya CT ya mgonjwa juu ya eksirei inayoendelea kupigwa wakati wa upasuaji. Programu huzitambua pingili za uti wa mgongo na kuzitumia kama alama, kwa sababu mfupa hautikiswi na waya zinazosukumwa mshipani. Daktari anapoona ramani hiyo hupunguza mionzi na ile dawa ya kuangazia mishipa, ambayo ikizidi huidhuru figo. Hata hivyo waya zile ngumu huunyoosha mshipa uliokuwa umepinda, ramani ikaachana na hali halisi. Ni mikono na akili ya daktari vinavyolitambua hilo na kuamua. Akiisha kutibiwa hivyo, mgonjwa hufuatiliwa maisha yake yote, maana damu huweza kuvuja pembeni ya bomba, na hapo tena programu hulinganisha ujazo wa uvimbe mwaka hadi mwaka.

CT ni ghali, na katika nchi zetu mashine zake zimekusanyika mijini. Lakini kuna mahali mwilini ambapo mishipa huonekana bila kisu wala mionzi, nako ni nyuma ya jicho. Mwaka 2018 watafiti wa Google walichapisha kazi iliyowashangaza wengi. Programu waliyoifunza kwa picha za retina za watu 284,335 iliweza, kwa kutazama picha hiyo tu, kukisia umri wa mtu kwa tofauti ya wastani wa miaka mitatu na kidogo, shinikizo lake la damu kwa makadirio, kama anavuta sigara, na kama ni mwanamume au mwanamke. Hakuna daktari wa macho aliyekuwa akitofautisha jinsia kwa kutazama retina. Habari ilikuwa imeandikwa pale siku zote.

Kwetu Afrika matunda yamekuja kwa njia ya kisukari, ugonjwa unaoharibu mishipa midogo ya macho na mikubwa ya miguu kwa pamoja. Programu ya kusoma picha za retina iliyofunzwa Singapore ilijaribiwa nchini Zambia kwa watu 1,574 wenye kisukari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha iliwatambua zaidi ya 9 katika kila 10 waliohitaji rufaa. Rwanda ilikwenda hatua nyingine, na kwangu hiyo ndiyo habari tamu kuliko zote. Daktari wa macho Wanjiku Mathenge na wenzake waliwagawa wagonjwa 275 wa kisukari waliohitaji rufaa: kundi moja lilipewa jibu la programu papo hapo, jingine likasubiri siku kadhaa jibu la msomaji binadamu. Katika kundi la papo hapo asilimia 51.5 walikwenda hospitali ya macho. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39.6. Utafiti huo wa mwaka 2022 unadokeza kwamba kasi nayo ni tiba. Mama aliyeacha genge lake na kulipa nauli akiambiwa tatizo lake angali kitini hulichukua kwa uzito. Akiambiwa atapigiwa simu, mambo ya nyumbani humzonga.

Si kila mahali palipokwenda vizuri. Google walipoipeleka programu yao ya kukagua macho ya wagonjwa wa kisukari katika kliniki 11 nchini Thailand, zaidi ya picha 1 katika kila 5 ilikataliwa na programu kwa kukosa ubora. Vyumba havikuwa na giza la kutosha, intaneti ilikuwa ikisuasua, na wauguzi wakawa wanapigana na mashine huku foleni ikirefuka. Anayetaka kuleta programu kama hii katika zahanati ya Sumbawanga au Lodwar aanze na pazia la dirisha, umeme na muuguzi aliyefunzwa.

Lipo na jambo zito zaidi. Mashine hujifunza kutoka kwa wale ilioonyeshwa, na hufuata lengo ililopewa. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walifichua kwamba programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilikuwa ikiwaacha watu weusi. Haikuwa imeambiwa rangi ya mtu. Iliambiwa ikadirie gharama, na kwa kuwa watu weusi walitumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa uleule, ikawaona wazima kuliko walivyo. Ingesahihishwa, sehemu ya watu weusi waliostahili msaada huo ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Kwa hiyo programu ya mishipa iliyofunzwa kwa wazee wa Ulaya isipokewe katika hospitali za Muhimbili au Kenyatta kwa kuwa imesifiwa kwao. Ipimwe kwanza kwa wagonjwa wetu, na matokeo yatangazwe.

Nimalizie na miguu, maana huko ndiko ugonjwa wa mishipa unakokata watu viungo. Madaktari huligawanya shinikizo la damu la kifundo cha mguu kwa lile la mkono. Jibu likishuka chini ya 0.9, mishipa ya mguu imeziba kiasi. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi kuta za mishipa hukakamaa, namba ikaonekana nzuri kumbe damu haifiki. Watafiti, wakiwemo wa Mayo Clinic nchini Marekani, wameifunza kompyuta kusoma umbo la mawimbi ya mtiririko wa damu kwenye kifundo, mahali ambapo namba ile hudanganya. Ni kazi ya kutia moyo. Lakini kidonda cha unyayo bado hugunduliwa kwanza na mtu aliyevua viatu na kutazama.

Kama una kisukari au presha, usitoke kliniki bila kuvua viatu na kukaguliwa nyayo, na uombe macho yapigwe picha kila mwaka. Kama unavuta sigara, iache. Na kama baba yako amevuka miaka 65 na aliwahi kuvuta, siku atakapopimwa altrasaundi ya tumbo kwa sababu yoyote ile, mwombe mpimaji aitazame aota pia na aandike upana wake.