Risasi ya Mtalii, Mshahara wa Askari

Pua ya simba dume mchanga ina rangi ya waridi. Kadiri anavyokua, madoa meusi hujitokeza na kuenea, na akifikisha miaka mitano au sita zaidi ya nusu ya pua huwa imegeuka nyeusi. Mwindaji bingwa aliyejificha na mteja wake kwenye kibanda cha nyasi, darubini jichoni, wakisubiri simba aje kwenye chambo kilichotundikwa mtini, anatakiwa kuisoma pua hiyo kabla ya kuruhusu risasi itoke. Kanuni za Tanzania zinataka dume anayewindwa awe ametimiza angalau miaka sita, na fuvu na meno yake hukaguliwa baadaye.

Umri huo una sababu nzito. Watafiti waliowafuatilia simba wa Serengeti kwa miongo kadhaa walibaini kwamba dume anayelinda familia akiondoka, madume wageni huvamia na kuua watoto wanaowakuta, ili majike wawe tayari kupandwa mapema. Kwa hiyo risasi inayomwangusha dume wa miaka minne inaweza kuwa hukumu ya kifo kwa watoto wote wa familia yake. Aliyevuka miaka sita, mara nyingi, amekwisha kukuza kizazi.

Uwindaji wa kitalii ukifuata nidhamu ya namna hii, na fedha zake zikifika kwa askari wanyamapori, unalinda pori. Zisipofika, haulindi chochote. Nasema hivyo kwa sababu ya Selous.

Pori la Akiba la Selous lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50,000, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Katikati ya miaka ya 1970 eneo hilo lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Ujangili wa miaka ya 1980 ukawafyeka hadi wakabaki chini ya 30,000. Pori lilikuwa na mipaka kwenye ramani, lakini doria hazikuwa na magari wala mafuta ya kutosha.

Mageuzi yalianza mwishoni mwa miaka hiyo, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, na baadaye ukawekwa utaratibu rahisi kabisa: nusu ya mapato yaliyopatikana porini ibaki porini. Sehemu kubwa ya mapato hayo ilitoka kwenye vitalu vya uwindaji. Magari yakanunuliwa, barabara zikafunguliwa, askari wakapata posho na sare. Haki lazima itendeke hapa: Operesheni Uhai ya mwaka 1989 iliwasomba majangili, na mwaka huohuo dunia ilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Lakini operesheni hupita, na mwenye kubaki porini masika na kiangazi ni askari wa doria. Kufikia mwaka 2006 tembo wa ukanda wa Selous walikadiriwa kuwa kama 70,000.

Kisha utaratibu ule ukadhoofishwa. Fedha zikawa zinakwenda makao makuu na kurudi kwa kudonadona, wakati bei ya pembe ikipanda barani Asia. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta tembo wapatao 13,000. Mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Miaka yote hiyo, ya neema na ya maafa, watalii waliendelea kuja na kuwinda kwa leseni. Uwindaji ulikuwepo tembo walipoongezeka na ulikuwepo walipoangamia. Kilichopungua porini ni fedha za ulinzi.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta uwindaji na kuleta watalii wa kamera. Kwa sehemu hilo limefanyika: mwaka 2019 eneo kubwa la Selous lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Lakini si kila pori linauzika kwa kamera. Nenda kwenye miombo ya kusini, ambako mbung'o hawakuachi upumue na unaweza kushinda kutwa usione hata swala. Mwenye likizo ya siku tano haendi huko. Mwindaji anakwenda na kulipia. Kenya nayo ilifuta uwindaji mwaka 1977. Hadi mwaka 2016 wanyamapori wa nyanda zake walikuwa wamepungua kwa takriban theluthi mbili, wakisukumwa na mifugo, mashamba, uzio na ujangili.

Hata hivyo, yaliyotokea Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro, siwezi kuyatetea. Tembo wa Amboseli, nchini Kenya, huvuka mpaka kuja malishoni huko, na tangu katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na maelewano kwamba wasiwindwe. Kuanzia Septemba 2023, madume kadhaa wenye pembe kubwa wakauawa na wawindaji wenye leseni. Sheria inataka pembe yenye uzito usiopungua kilo 20 au urefu wa sentimita 160, na madume wale walivuka kipimo hicho kwa mbali. Lakini tembo si simba. Utafiti wa Amboseli, ulioanza mwaka 1972, umeonyesha kwamba madume waliovuka miaka 35 ndio wanaozaa zaidi, na vijana hujifunza tabia kwao. Simba wa makamo amekwisha kutoa mchango wake. Tembo wa makamo ndiyo kwanza ameuanza. Kipimo cha pembe kinamchagua yuleyule tunayemhitaji. Kibadilishwe, na tembo wa mpakani waachwe.

Na wapo wanaolala na wanyama hawa mlangoni. Huko Liwale, Namtumbo na Tunduru, tembo huingia shambani usiku mmoja na msimu umekwisha. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa, lakini malipo hukawia na ni madogo. Mkulima huyo akipigiwa simu na jangili anayetaka kujua tembo wamelala wapi, jibu lake litategemea alichowahi kupata kutokana na kitalu cha jirani. Kila mwaka, kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, pabandikwe karatasi moja: mnyama gani aliwindwa, mteja alilipa kiasi gani, na shilingi ngapi zimerudi hapa.