Ligi ya Muungano na Klabu za Visiwani: Tulichopata na Tulichopoteza (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi soka la Unguja na Pemba lilivyoendeshwa tangu chama chake kilipoundwa mwaka 1926. Leo nalishughulikia swali ambalo wapenzi wengi wa mpira huku kwetu hulikwepa: je, kufa kwa Ligi ya Muungano kuliziinua klabu za Zanzibar au kuliziangusha? Naamini kuliziangusha. Najua kauli hiyo itawaudhi wanaoihesabu hatua ya 2004 kuwa ushindi, kwa hiyo naomba wausikilize ushahidi kwanza.

Ligi ya Muungano ilianza mwaka 1982. Klabu zilizofanya vizuri Bara zilikutana na zilizofanya vizuri Visiwani, na aliyeibuka kidedea ndiye aliyeitwa bingwa wa Tanzania. Ligi ya Bara na ligi ya Zanzibar zilikuwa ngazi tu za kumfikisha mtu huko. Mwaka 1984 KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo, ilitwaa ubingwa huo. Malindi ikautwaa mwaka 1989, ikarudia mwaka 1992. Tuyatazame mataji hayo kwa uzito wake. Malindi haikuwa bingwa wa Mjini Magharibi wala wa Unguja peke yake. Ilikuwa bingwa wa nchi nzima, na Simba na Yanga walilazimika kulikubali hilo. Ligi hiyo haikuwa shamba la wakubwa wawili. Majimaji ya Songea iliichukua mara tatu, na Pamba ya Mwanza iliichukua mwaka 1990. Ugumu huo ulikomaza timu. Mwaka 1995 Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, na mwaka huo huo timu ya Zanzibar ilitwaa Kombe la CECAFA kwa kuwafunga Uganda kwao. Mpaka leo hilo ndilo kombe pekee la CECAFA ambalo Zanzibar imelipata.

Mwaka 2004 Zanzibar ilipata uanachama mshiriki wa CAF. Klabu zake zikapewa nafasi zao wenyewe barani Afrika, na Ligi ya Muungano ikakosa kazi ya kufanya. Tulipata mlango wetu, na sikatai kwamba lilikuwa jambo la heshima. Lakini mlango huo ulitupitisha kando ya mtihani uliokuwa ukitunoa. Zamani bingwa wa Visiwani alitoka kwanza jasho mbele ya timu za Bara, ndipo akaiona Afrika. Sasa anatoka katika ligi ya nyumbani na kuingia moja kwa moja kwenye raundi ya awali. Matokeo yanajieleza. Tangu 2004 hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, hakuna klabu ya Zanzibar iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wala ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 25 Mei 2025 Uwanja wa Amaan ulipokea mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho. Timu zilizoshuka uwanjani zilikuwa Simba ya Dar es Salaam na RS Berkane ya Morocco. Sisi tulikuwa wenyeji wa uwanja.

Wapo watakaosema kwamba sababu ni fedha, kwamba Bara wana wadhamini na haki za matangazo, na pengo hilo lingetushinda hata kama ligi ingebaki. Hoja hii ina ukweli, na ni kweli pia kwamba katika miaka ya mwisho ya ligi hiyo mataji mengi yalirudi Msimbazi na Jangwani. Lakini wadhamini hufuata mechi zenye watazamaji, na kuziondoa klabu zetu kwenye mechi hizo ni kuliongeza pengo. Tena vipaji havijakauka. Januari 2024 Mlandege iliifunga Simba 1–0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, ikitetea taji ililolitwaa mwaka uliotangulia. Feisal Salum alitoka JKU mwaka 2018 kwenda Yanga, na akawa miongoni mwa viungo bora wa nchi. Kijana mwenye uwezo huo aliyeko Kidichi au Bububu leo anajua kwamba, akitaka kupimwa kila wiki na walio bora, lazima avuke bahari. Kombe la Muungano lililofufuliwa mwaka 2024 ni jambo jema, lakini mashindano ya siku chache hayamkomazi mchezaji kama msimu.

Anayedhani kisa hiki ni chetu peke yetu aitazame Canada. Mwaka 1979 Vancouver Whitecaps walitwaa ubingwa wa NASL, ligi kuu ya Marekani wakati huo, ilhali Canada ilikuwa na shirikisho lake. Ligi hiyo ilipanuka kupita uwezo wake, ikazama kwa hasara, na msimu wa 1984 ukawa wa mwisho. Mwaka 1986 Canada ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikiwa na wachezaji waliolelewa na ligi hiyo kama Bob Lenarduzzi na Bruce Wilson. Baada ya hapo walijaribu ligi ya peke yao, ikavunjika mwaka 1992. Kombe la Dunia walilirudia mwaka 2022, wakati Toronto, Vancouver na Montreal zilikuwa zimekwisha kuingia ligi ya Marekani kwa miaka kadhaa. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, lakini mfuatano huo si wa kupuuzwa.

Kwa mfano huo huo naijibu hoja nzito kuliko zote, kwamba kurudi kwenye ligi ya pamoja ni kuuza utambulisho wa Zanzibar. Mwaka 2017 CAF ilitupa uanachama kamili mwezi Machi na kutunyang'anya mwezi Julai, na uchungu wake haujaisha. Hata hivyo Canada haikupoteza shirikisho lake, na Swansea ya Wales ilitwaa Kombe la Ligi la Uingereza mwaka 2013 bila Wales kupoteza timu yake ya taifa. Nafasi zetu CAF zibaki, ligi yetu ibaki, na juu yake iwepo ligi fupi: klabu nne za Bara na nne za Visiwani, kila ya huku ikutane na kila ya kule nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi nane kwa kila klabu, mzigo unaobebeka. Wenye uwezo wa kuliamua hili ni ZFF na TFF, nami nawaomba walizungumze kabla ratiba ya msimu ujao haijapangwa.