Vibonzo vinavyofunza ushujaa wa kisayansi

Shujaa akipungukiwa na nguvu, hutegemea nini? Swali hilo ndilo kiini cha Hero Elementary, kipindi cha vibonzo kilichoanza kuonyeshwa na PBS Kids nchini Marekani mnamo Juni 1, 2020.

Wanafunzi wanne, Lucita, AJ, Sara na Benny, wanasomea ushujaa chini ya mwalimu wao, Bw Sparks. Lucita hupaa, Benny huunda mapovu. Hata hivyo, nguvu hizo zisipotosha, hulazimika kuchunguza, kubashiri na kufanya majaribio, mbinu ambazo mtoto yeyote anaweza kuiga.

Isitoshe, AJ ana usonji, lakini hachorwi kama wa kuhurumiwa. Yeye ndiye mbunifu wa vifaa ambavyo wenzake huvitegemea. Hivyo basi, mtoto mwenye usonji anajiona miongoni mwa waokoaji.